Anayedai Mkataba Utekelezwe, Yeye Mwenyewe Yuko Tayari?

Hotuba kwa wafanyabiashara na wanunuzi wa viwanja, Busia, upande wa Uganda

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wafanyabiashara, asanteni kwa kuitikia wito. Najua wengine mmefunga maduka kabla ya saa yake, na wengine mna mizigo inayosubiri forodhani, kwa hiyo naingia moja kwa moja katika jambo lililonileta.

Umenunua kiwanja. Umelipa sehemu kubwa ya bei, salio mmekubaliana ulipe baada ya miezi mitatu. Barabara ikatengenezwa, bei za viwanja zikapanda, muuzaji akapata mtu wa kumpa zaidi. Sasa hapokei simu, au akipokea anakwambia njoo uchukue pesa zako. Wewe pesa huzitaki, unataka kiwanja. Unakwenda mahakamani kuomba muuzaji alazimishwe kukupa kile alichokuahidi. Wanasheria huita dai hili utekelezaji mahususi wa mkataba.

Watu wengi huingia katika kesi ya namna hii wakiamini kwamba kazi yao ni kuonyesha ubaya wa muuzaji. Wanakuja na uchungu, na uchungu wao ni wa haki. Wanaleta mashahidi wa kueleza jinsi mtu yule alivyowazungusha. Kisha wakili wa upande wa pili anasimama na kuuliza: siku ile ya kulipa salio, pesa ulikuwa nazo? Zilikuwa wapi? Nani alizijua? Nimekaa mahakamani nikasikiliza maswali haya yakiulizwa, na nimeona uso wa mdai ukibadilika. Ninaumia kuona mtu mwenye haki anashindwa kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema kwamba yeye naye atapimwa. Ndiyo maana niko hapa leo. Ahadi ni deni, kweli, lakini katika mkataba wa kuuziana kila upande umeahidi kitu, na anayemshika mwenzake kwa ahadi yake ataulizwa habari za ahadi yake mwenyewe.

Kwanza tuelewe kwa nini mahakama humuuliza hivyo mdai. Mkataba ukivunjwa, sheria yetu inakupa fidia kama haki yako. Umevunjiwa, umepata hasara, unalipwa. Kumlazimisha mtu atimize ahadi yenyewe ni jambo la namna nyingine. Nguvu hiyo ilitoka katika mahakama za haki na usawa za Uingereza, ikaja kwetu pamoja na sheria za kikoloni, na mpaka leo jaji huitoa kwa hiari yake baada ya kupima mwenendo wa pande zote mbili. Mahakama ya Juu ya Uganda ililieleza vizuri katika kesi ya Manzoor dhidi ya Baram, iliyochapishwa mwaka 2003: amri hii haitolewi pale ambapo fidia ya pesa ingemtosha mdai, ila mikataba ya kuuziana ardhi ina nafasi ya pekee, kwa sababu tangu zamani mahakama zimeona kwamba pesa haitoshi kumfidia mtu aliyekoseshwa ardhi. Kiwanja kilicho mkabala na soko hakina pacha wake. Kwa hiyo mnunuzi wa ardhi anaanza akiwa na mguu mmoja ndani. Mguu wa pili auingize mwenyewe.

Bunge letu nalo limeliandika jambo hili katika Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010, kifungu cha 64 kwa namba zake za awali. Kifungu kinasema upande mmoja ukivunja mkataba, mwenzake anaweza kupata amri ya kuutekeleza. Kisha kinataja wale wasiostahili. Amri haitolewi kama haiwezekani kutekelezeka, kama itamletea mdaiwa taabu isiyolingana na faida ya mdai, au kama itaumiza haki ya mtu wa tatu aliyeipata kwa nia njema. Na haitolewi kwa mdai ambaye yeye mwenyewe amevunja wajibu wa msingi wa mkataba. Hilo la mwisho ndilo wakili wa muuzaji analitafuta anapokuuliza pesa zilikuwa wapi.

Wenzetu wa India, ambao sheria yao ya mikataba ya mwaka 1872 ilitumika hapa Uganda wakati wa ukoloni, wamelichambua swali hili kuliko karibu mtu yeyote. Hukumu zao hazizifungi mahakama zetu, lakini zinaweza kutajwa hapa, na hoja zake zina uzito. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India ilitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. La kwanza ni uwezo: unayo pesa, au unaweza kuipata kwa njia inayoeleweka? La pili ni nia: mwenendo wako unaonyesha kwamba ulikuwa unataka kumaliza mkataba huu? Mtu anaweza kuwa na pesa na asiwe na nia. Mwingine ana nia, anaomba usiku na mchana apate kiwanja kile, lakini hana shilingi. Wote wawili hushindwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo mahakama ileile ilikuwa imesema kwamba utayari huo lazima uwe wa kuendelea, tangu siku ya mkataba mpaka siku ya hukumu.

Sasa tuchukue mfano, na huu ni wa kutunga. Mama anauza mchele hapa Busia. Amekubaliana na mwenye kiwanja shilingi milioni 60. Amelipa milioni 35 siku ya kutia sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji, na mashahidi. Salio la milioni 25 atalilipa baada ya miezi mitatu, muuzaji akimkabidhi hati na fomu za uhamisho zilizotiwa sahihi. Muuzaji amegeuka. Mama huyu athibitishe vipi kwamba alikuwa tayari?

Akija mahakamani akisema tu, "Mheshimiwa, pesa nilikuwa nazo," amesema neno ambalo kila mtu husema. Sheria ya Ushahidi inamtaka anayedai jambo alithibitishe, na katika kesi za madai kipimo ni kwamba jambo hilo lielekee kuwa kweli zaidi ya kutokuwa kweli. Neno la mdomo la mtu mwenye maslahi katika kesi halisukumi mizani hiyo mbali. Lakini akileta taarifa ya benki inayoonyesha kwamba katika wiki ile ya mwisho alikuwa na milioni 27 kwenye akaunti, mabishano juu ya uwezo yamekaribia kwisha. Taarifa hiyo ionyeshe tarehe ile. Nasisitiza tarehe kwa sababu watu huleta taarifa ya mwezi waliofungua kesi, miaka miwili baadaye, na jaji anabaki kujiuliza hali ilikuwaje siku ya mkataba kukamilika.

Je, kama pesa zake haziko benki? Wengi wenu pesa zenu ziko ndani ya magunia ya mchele na mahindi, ziko kwa wateja mliowakopesha, ziko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Msikate tamaa. Sheria haimtaki mnunuzi aonyeshe kitita cha noti mkononi. Baraza la Mfalme kule London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, lilisema mwaka 1949 katika kesi ya Bank of India dhidi ya Chinoy kwamba mnunuzi hana lazima ya kutoa pesa zenyewe wala kuleta mpango wa mkopo uliokwisha kufungwa. Anachotakiwa ni kuonyesha kwamba pesa angeweza kuzipata. Lakini hapo ndipo ushahidi unapohitajika zaidi. Daftari la stoo linaloonyesha magunia mangapi yalikuwepo na bei ya soko ya wiki ile. Barua ya SACCO ikisema mwanachama huyu ameidhinishiwa mkopo wa kiasi fulani, yenye tarehe ya kabla ya siku ya malipo. Taarifa ya pesa ya simu kutoka kwa kampuni yenyewe. Hati ya kiwanja kingine alichokuwa anakiuza, pamoja na mkataba wa mnunuzi wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mbele ya jaji mali isiyo na daftari ni kama haikuwahi kuwepo.

Kinachoanguka mara nyingi ni maneno kama haya: "Kaka yangu wa Nairobi alikuwa ameniahidi." Kaka huyo yuko wapi? Aje atoe ushahidi, alete na taarifa ya akaunti yake. Kama hawezi kuja, hiyo ni tamaa ya kupata pesa, na mahakama itaiona hivyo. Vilevile mkopo ulioombwa bila kujibiwa. Fomu ya maombi inaonyesha kwamba ulijaribu, na hilo ni jema kwa upande wa nia, lakini haionyeshi kwamba ungepata.

Kisha hesabuni gharama zote. Kama mkataba wenu unasema mnunuzi ndiye analipa ushuru wa stempu wa kuhamisha hati, hiyo ni asilimia 1.5 ya thamani, na kwa kiwanja cha milioni 60 inafika shilingi 900,000. Ndiyo maana nilisema akaunti ya mama yule iwe na milioni 27. Mtu mwenye milioni 25 kamili anaweza kuulizwa uhamisho angeulipia na nini.

Nikija kwenye nia, hapa mambo hujulikana kwa mwenendo. Jaji atapanga tarehe mezani. Mkataba ulitiwa sahihi lini, salio lilitakiwa lini, mnunuzi aliandika lini kwa mara ya kwanza, alikwenda kwa wakili lini, kesi ilifunguliwa lini. Mapengo kati ya tarehe hizo yanasema. Ukiwa kimya miaka mitatu, ukaamka bei ilipopanda mara nne, jaji atauliza kama ulikuwa unakitaka kiwanja au ulikuwa unasubiri soko. Sheria ya Ukomo inaweka miaka 6 kwa kesi za mikataba kwa ujumla, na watu hujificha nyuma ya miaka hiyo 6. Katika dai hili la haki na usawa kuchelewa peke yake kunaweza kukuangusha hata kabla ya muda huo, hasa kama mwenzako amebadilisha hali yake kwa sababu ya ukimya wako.

Kwa hiyo andika. Siku saba au kumi kabla ya tarehe ya malipo, andika barua fupi kwa muuzaji: salio lako liko tayari, naomba tukutane siku fulani, mahali fulani, uje na hati na fomu, nami nitakukabidhi pesa kwa hundi ya benki au kwa kuziingiza kwenye akaunti yako. Usiongeze masharti mapya yasiyokuwa kwenye mkataba. Ukiandika "nitalipa ukinipunguzia milioni mbili kwa sababu mpaka umekosewa," umejitia kitanzi: hiyo si tena barua ya mtu aliye tayari kutekeleza mkataba waliokubaliana. Kama mpaka umekosewa kweli, andika barua ya pili juu ya mpaka peke yake. Barua ipokelewe kwa sahihi, au ipelekwe mbele ya mwenyekiti wa LC I naye aweke muhuri. Siku mliyopanga ikifika, nenda. Nenda na shahidi asiye ndugu yako. Asipotokea, andika siku hiyohiyo kwamba ulifika na hakutokea.

Ujumbe wa simu nao ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inazitambua kumbukumbu za aina hiyo mahakamani. Hifadhini simu yenyewe, msitegemee picha za skrini tu, kwa sababu upande wa pili unaweza kubisha kwamba zimetengenezwa.

Kuna jambo linalochanganya watu juu ya nani anatangulia, na naomba tulitulie kidogo. Someni mkataba wenu: nani anatakiwa kufanya nini kwanza? Katika mfano wetu, mama analipa salio muuzaji akimkabidhi hati. Yaani mambo mawili yanakwenda pamoja, mkono kwa mkono. Mama hana wajibu wa kumpa muuzaji milioni 25 kabla ya kuiona hati, na hakuna atakayemlaumu kwa kutozitoa. Anachotakiwa ni kuonyesha kwamba mkono wake ulikuwa tayari kunyooka. Lakini ninyi mnajua mikataba tunayoandika. Imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, "salio atalipa tarehe 30 Juni," nukta, hakuna neno juu ya hati. Mkataba kama huo unaweza kusomwa kwamba mnunuzi alipe kwanza, hati ije baadaye. Hapo barua ya kusema "niko tayari" inaweza isitoshe, na usipolipa tarehe ile wewe ndiye unayeonekana umevunja. Nawasihi, sentensi inayofunga malipo ya mwisho na makabidhiano ya hati isikose kwenye mkataba wowote mnaotia sahihi. Inachukua mstari mmoja.

Na kama muuzaji amekwisha kukataa waziwazi, amekuandikia kwamba hakuuzii tena? Mahakama haitakutaka upeleke pesa kwa mtu aliyefunga mlango. Hata hivyo utayari wako hauishi kwa sababu yeye amekataa. Lazima uonyeshe kwamba asingekataa, ungemaliza, na kwamba hata leo ukiambiwa maliza, utamaliza.

Hapa nafika kwenye mtego ambao naona unawaumiza watu wema kuliko mingine yote. Muuzaji amekataa, wewe umekasirika, unamwandikia au unampelekea ujumbe: "Nirudishie pesa zangu na fidia, sitaki tena kiwanja chako." Baada ya mwezi hasira imepoa, umemwona wakili, unafungua kesi ya kutaka kiwanja. Ile barua ya hasira italetwa mahakamani. Kisheria mkataba uliovunjwa unakupa njia mbili. Unaweza kukubali kwamba umevunjika, ukadai fidia, na hapo huna tena wajibu wa kuwa tayari kulipa. Au unaweza kuushikilia mkataba kwamba bado uko hai, ukadai utekelezwe, na hapo utayari wako lazima uendelee siku zote. Huwezi kusimama kwenye njia zote mbili. Kesi ya kale inayofundisha jambo hili ilitoka Bombay, Ardeshir Mama dhidi ya Flora Sassoon, iliyoamuliwa na Baraza la Mfalme mwaka 1928. Mnunuzi alifungua kesi akidai ardhi, kisha kabla ya kusikilizwa akaachana na dai la ardhi akabaki kudai fidia. Baraza likaona kwamba kwa kuacha dai lile alikuwa ameutendea mkataba kana kwamba umekwisha, hakuwa tena mtu aliye tayari kuutekeleza, na hata fidia aliyoitaka katika kesi ile akaikosa. Kabla ya kuandika neno "nirudishie," lala nalo usiku mmoja. Kama unataka kiwanja, andika kwamba unataka kiwanja. Mwachie wakili wako aombe fidia kama dai la akiba ndani ya hati ileile ya madai, endapo jaji ataona kiwanja hakiwezi kupatikana.

Mtego wa pili ni mdogo lakini unakata. Kesi zetu za madai hupitia usuluhishi kabla ya kusikilizwa, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2013. Mdai anafika mbele ya msuluhishi na kusema mbele ya wote, pesa hizi hapa, nipe hati tumalize. Anafurahi kwamba ameonyesha utayari. Lakini yanayosemwa kwenye usuluhishi ni ya siri, hayaletwi mbele ya jaji kama ushahidi. Vivyo hivyo barua za kutafuta maelewano ambazo mawakili huziwekea alama kwamba hazitatumika mahakamani. Kama unataka jaji aijue nia yako, iseme pia katika barua ya wazi isiyo na alama hiyo. Unaweza hata kuiomba mahakama ruhusa ya kuliweka salio mikononi mwake wakati kesi inaendelea. Si sharti ufanye hivyo mpaka uamriwe, na pesa ya biashara ikikaa mahakamani haizalishi. Lakini kwa mtu ambaye uwezo wake unabishaniwa, ni vigumu kupata jibu lililo na nguvu zaidi.

Haya yote yaandikwe kwenye hati ya madai tangu mwanzo. Kwa miaka mingi sheria ya India ilimtaka mdai aseme na athibitishe kwamba amekuwa tayari siku zote. Mwaka 2018 walipoirekebisha, waliondoa sharti la kusema, wakaacha la kuthibitisha. Sisi huku tuna kanuni ya kwamba huwezi kuleta mahakamani msingi mpya ambao hukuutaja katika hati yako bila kuirekebisha. Kwa hiyo mwambie wakili wako aandike waziwazi, kwa tarehe na kwa kiasi: mdai alikuwa na uwezo huu, siku hii, na mpaka leo yuko tayari. Mkataba wenyewe uambatanishwe. Mkataba wa zaidi ya shilingi 500,000 lazima uwe wa maandishi kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, na ule uliopaswa kulipiwa ushuru wa stempu lakini haukulipiwa unaweza kupingwa kupokelewa mpaka ulipiwe.

Kuna milango ambayo utayari wako wote haufungui, na nisipoitaja nitakuwa nimewadanganya. Kama ardhi ni ya familia na mume au mke wa muuzaji hakuridhia kwa maandishi, Sheria ya Ardhi inakataza mauzo hayo, na hata ukija na milioni 100 mkononi mahakama haitakulazimishia kitu ambacho sheria imekikataza. Tena mko hapa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, kutoka Kenya. Katiba yetu haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi Uganda isipokuwa kwa kukodisha, na muda wa kukodisha hauzidi miaka 99. Mkataba unaokuuzia umiliki kamili hauna mahakama ya kuusimamia hapa, kwa hiyo andikeni mkataba wa kukodisha. Na kama muuzaji amekwisha kuuza kwa mtu wa tatu aliyenunua kwa nia njema, akaandikishwa kwenye hati, utabaki na fidia. Kinga dhidi ya hilo ni zuio, yaani taarifa ya dai lako inayozuia kiwanja kisihamishwe, linaloandikishwa kwenye ofisi ya ardhi mara tu unapohisi muuzaji anatetereka. Mkumbuke kwamba mwenye hati akiomba zuio liondolewe, unapewa taarifa, na baada ya siku 60 zuio linakufa kama hujaenda mahakamani. Watu husahau siku hizo 60 wakidhani zuio likishawekwa limewekwa milele.

Wauzaji nao wamo ukumbini, na wao wanaweza kudai vilevile mnunuzi alazimishwe kumaliza. Kipimo ni kilekile. Muuzaji aonyeshe kwamba hati ilikuwa safi, haina deni la benki, fomu za uhamisho zilikuwa zimetiwa sahihi, ridhaa ya mwenzi wake ipo, na waliokuwa wakiishi kwenye kiwanja wameshatoka kama mkataba ulivyotaka. Muuzaji ambaye hati yake iko rehani kwa mkopeshaji hawezi kusema alikuwa tayari.

Kuhusu mahakama ya kwenda: dai la ardhi lisilozidi thamani ya shilingi milioni 50 linaweza kusikilizwa na Hakimu Mkuu wa eneo, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Wasioweza kumlipa wakili waulize msaada wa kisheria wa Chama cha Wanasheria cha Uganda au wa FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake. Waende mapema, na karatasi zote mkononi, ikiwemo daftari la stoo.

Na tuseme mama yetu ameshinda. Jaji ameridhika na taarifa ya benki, na barua yenye muhuri wa LC I, na shahidi aliyekwenda naye siku ile. Hukumu haitasema apewe kiwanja basi. Itasema alipe milioni 25 ndani ya siku zilizotajwa, na muuzaji amkabidhi hati na fomu. Muuzaji akikaidi kutia sahihi, mahakama ina njia ya kuagiza ofisa wake azitie badala yake, na msajili wa hati atauandikisha uhamisho. Lakini saa ya mama imeanza kuhesabiwa upya siku ile ya hukumu. Akiziacha siku zile zipite bila kulipa na bila kuomba aongezewe muda, muuzaji anaweza kurudi kwa jaji kuomba amri ifutwe, naye atakuwa na hoja. Kwa hiyo siku ya hukumu mama anatoka mahakamani kwenda benki, analipa kwa njia iliyoandikwa kwenye amri, na anaipeleka risiti kwenye faili la kesi kabla jioni haijaingia.

Sasa nipo kwa maswali, na walio na karatasi zao waje nazo mbele tuzisome pamoja.